Uzito wa atomu hautulii: jinsi ya kuukokotoa, kuusoma na kujua lini uuamini

Wakuu, hii nimewaandikia madogo wa kidato cha pili mpaka cha sita wanaosoma kemia, na pia yeyote anayeshika chupa za kemikali kazini, iwe maabara ya maji, ya madini au ya shule. Kwenye tuisheni hapa Mwanza swali linakuja hivi kila mwaka: kitabu kimoja kinasema klorini ni 35.5, kingine 35.45, ukifungua periodiki tebo mpya kwenye simu unakuta [35.446, 35.457] kama vile wenyewe bado wanabishana, sasa ipi ndo yenyewe? Zote ndo zenyewe, na ukishajua namba hiyo inapatikanaje utachagua mwenyewe uchukue ipi na lini. Kuna watu watakwambia "hayo mambo ya kuraundi tu achana nayo", aisee usiwasikilize, kuraundi kupo ila sio chanzo cha hayo mabano.

Anza hapa: hiyo namba ni wastani

Kinachofanya klorini iitwe klorini ni protoni 17, basi. Nyutroni hazina neno kwenye jina. Kwaiyo kuna klorini yenye nyutroni 18, jumla 35, na kuna yenye nyutroni 20, jumla 37, zote mbili zinaungana na sodiamu vizuri tu zinatoa chumvi ya mezani na ulimi wako hautajua umelamba ipi. Hizo ndo isotopu. Aliyezipa jina ni Frederick Soddy mwaka 1913, alafu Francis Aston pale Cambridge mwaka 1919 akatengeneza mashine inayozitenganisha kwa uzito, na 1922 akachukua Nobel yake.

Sasa ukweli ni kwamba hakuna atomu hata moja ya klorini duniani yenye uzito wa 35.45. Chukulia upo Mwaloni pale Kirumba asubuhi, mbele yako kuna tenga lina sato wanne, watatu wana gramu 350 na mmoja ana gramu 370, ukipiga wastani unapata gramu 355, ila chambua tenga lote hilo humpati sato wa gramu 355. Na tenga la yule mama wa pembeni likiwa na wale wakubwa wengi kidogo wastani wake unapanda, japo wote ni sato na wote wametoka ziwa hilihili. Uzito wa atomu unaenda hivohivo, unafuata mchanganyiko wa isotopu uliomo kwenye sampuli uliyonayo mkononi, na sampuli ikitoka sehemu nyingine mchanganyiko unaweza ukawa mwingine.

Kupiga hesabu yenyewe

Unahitaji vitu viwili, uzito wa kila isotopu na asilimia yake. Kwa klorini:

klorini-35: uzito 34.969, asilimia 75.76
klorini-37: uzito 36.966, asilimia 24.24

Unazidisha kila uzito kwa sehemu yake alafu unajumlisha. 34.969 × 0.7576 = 26.4925. Ya pili 36.966 × 0.2424 = 8.9606. Jumla 35.4531, unaandika 35.45. Dogo asije akajumlisha 35 na 37 akagawanya kwa mbili akapata 36, hiyo ingekuwa sahihi kama zingekuwa nusu kwa nusu na haziko hivo. Na kabla ya kuanza jumlisha asilimia zako kwanza, zikikataa kufika 100 ujue kuna isotopu umeiacha au umekopi vibaya.

Ile 35.5 ya mtihani inatoka wapi? Wanachukua 35 kavu na 37 kavu, asilimia 75 na 25, unapata 26.25 + 9.25 = 35.5. Kwa mtihani poa kabisa. Ila uzito halisi wa isotopu sio namba kamili, ni 34.969 sio 35, kwa sababu protoni na nyutroni zikishikana kwenye kiini nishati inatoka na uzito kidogo unaenda nayo. Isotopu pekee yenye namba kamili ni kaboni-12, na hiyo ni kwa sababu watu walikaa wakakubaliana iwe 12 kamili, ndo kipimo cha wengine wote.

Hapo kwenye kipimo kuna stori tamu ambayo vitabu vingi vinairuka. Kabla ya 1961 kipimo kilikuwa oksijeni, inahesabiwa ni 16. Shida ikaja 1929 ilipogundulika kwamba oksijeni ya kawaida ina isotopu ya 17 na ya 18 ndani yake, kidogo sana ila zipo. Wanafizikia wakasema 16 ni ya oksijeni-16 peke yake, wanakemia wakang'ang'ania 16 ni ya oksijeni kama ilivyo na mchanganyiko wake, kwaiyo dunia ikawa na mizani mbili tofauti, na mbaya zaidi ile ya wanakemia ilikuwa imesimama juu ya kitu kinachochezacheza, maana mchanganyiko wa oksijeni ya kwenye maji sio sawasawa na wa kwenye hewa. Ndo maana 1961 wote wakahamia kaboni-12. Hebu fikiria, kipimo cha kupimia wengine nacho hakitulii.

Kurudi nyuma: umepewa wastani, unatafuta asilimia

Hili swali wanalipenda sana watunga mitihani. Kama isotopu ziko mbili njia fupi ni hii: chukua uzito wa isotopu nzito, toa wastani, gawanya kwa tofauti ya isotopu zote mbili, unachopata ni sehemu ya ile nyepesi.

Shaba: isotopu 62.9296 na 64.9278, wastani 63.546. Basi 64.9278 − 63.546 = 1.3818, gawanya kwa 1.9982, unapata 0.6915, yaani asilimia 69.15 ni shaba-63 na inayobaki 30.85 ni shaba-65.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa namba za mtihani, 63, 65 na 63.5, inakuja 1.5 ÷ 2 = asilimia 75. Umeona hiyo? Kutoka 69 mpaka 75 kwa sababu tu ya kukata desimali. Ukienda mbele, kutoka asilimia kwenda wastani, kukata desimali hakukuumizi sana, ila ukirudi nyuma kunakula jibu lako vibaya. Kwenye mtihani tumia ulichopewa na usijifanye mjuaji, ila ukiwa maabara kweli usirudi nyuma na namba za kuraundi.

Nani anabadilika na nani habadiliki

Kabla hujapata presha angalia kama elementi yako ina isotopu ngapi asilia zinazodumu. Kuna kundi la elementi ishirini na kitu ambazo zina isotopu moja tu inayohesabika, na hizo uzito wake haubadiliki uchimbe wapi. Dhahabu ni mojawapo, isotopu 197 basi, uzito 196.97, kwaiyo dhahabu ya Geita na ya Afrika Kusini na iliyoyeyushwa kwenye refainari hapa Mwanza zote zina namba moja. Aluminiamu ya sufuria nayo hivohivo, 26.98. Sodiamu, floraini, fosforasi, ayodini, manganizi, kobalti, wote humo. Namba zao kwenye jedwali zinaandikwa na desimali nyingi bila wasiwasi, na sababu ndo hiyo, hakuna mchanganyiko wa kuchezea.

Wenye isotopu mbili na kuendelea ndo wa kuwachunguza. Kuna njia kama nne zinazobadilisha mchanganyiko, na tatu kati yake unaweza kuzionea hapahapa kanda ya ziwa.

Ya kwanza ni mvuke. Ziwa Victoria linapata maji yake mengi kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe na linapoteza mengi kwa kukauka na jua, kuliko hata yanayotoka Jinja kwenda Nile. Maji yenye oksijeni-16 yanapaa kirahisi, yenye oksijeni-18 yanasuasua kubaki, kwaiyo maji ya ziwa yana oksijeni-18 kuzidi kidogo mvua iliyoyaleta. Kiasi gani? Oksijeni-18 ni kama asilimia 0.205 ya oksijeni yote, sasa tuseme ziwa limezidi mvua kwa sehemu 5 kwa 1000 ya hiyo 0.205, hapo ni asilimia 0.001 tu, zidisha kwa tofauti ya uzito ambayo ni 2, uzito wa atomu unasogea kwa kama 0.00002. Desimali ya tano. Mizani yako ya maabara haitaiona milele, ila spektromita ya masi, mashine ya aina ile ya Aston, inaiona vizuri na wataalamu wa maji wanaitumia kujua maji ya kisima fulani yametoka ziwani au ni ya mvua iliyozama ardhini.

Ya pili ni viumbe hai, na hii ndo naipenda kuliko zote. Mimea inapovuta kaboni daioksaidi inapendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13, ila haiibagui kwa kiwango kimoja. Mahindi, mtama na miwa wana mtambo wao wa kukamata kaboni ambao haubagui sana, muhogo, mpunga na miti mingi inabagua zaidi. Matokeo yake kaboni ya ugali wa mahindi ina uzito wa kama 12.0110 na kaboni ya ugali wa udaga, yaani wa muhogo, kama 12.0108. Usicheke, hiyo tofauti ndogo inakamata wezi. Asali nzuri nyuki anaitoa kwenye maua ya miti, mtu akiichakachua kwa sukari ya miwa kaboni inakuwa nzito kuliko inavyotakiwa, na maabara za vyakula zinampata hata kama rangi na ladha kaziweka sawa. Naitrojeni nayo inapanda kila mmoja anapomla mwenzake, sangara anayekula dagaa ana naitrojeni-15 kuzidi dagaa, kama sehemu 3 kwa 1000 kila hatua, watafiti wa samaki wanasoma kwenye kipande cha nyama nani anamla nani bila hata kupasua tumbo.

Ya tatu ni elementi moja kugeuka kuwa nyingine kwa mionzi. Hayo majabali ya Mwanza ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, ndani yake kuna potasiamu, na kijisehemu cha potasiamu hiyo, isotopu ya 40, kinabadilika polepole, kingi kinakuwa kalisi na kama sehemu moja ya kumi inakuwa agoni-40. Mawe ya dunia yamefanya kazi hiyo tangu dunia ianze mpaka agoni ya hewani leo ni agoni-40 kwa asilimia 99.6. Hapo ndo unapata jibu la lile swali la kwa nini agoni inatangulia potasiamu kwenye jedwali wakati agoni ni nzito zaidi, 39.95 kwa 39.10.

Kwenye risasi, ile metali sio ya bunduki, mambo ni makubwa zaidi. Hiyo risasi wanayofunga kwenye nyavu ili zizame ina isotopu nne, 204, 206, 207 na 208, na tatu za mwisho zinaongezeka kila siku, urani-238 inaishia kuwa risasi-206, urani-235 inaishia 207, thoriamu-232 inaishia 208. Kwaiyo risasi iliyokaa jirani na urani inakuwa nyepesi na iliyokaa jirani na thoriamu inakuwa nzito. Mwaka 1914 T. W. Richards wa Harvard alipima risasi ya kwenye madini yenye mionzi akakuta uzito wake uko chini ya risasi ya kawaida, na watu wakaanza kumuamini Soddy na isotopu zake. Leo masafa ya uzito wa risasi, yaani unapoanzia na unapoishia, yameandikwa 206.14 mpaka 207.94, karibu namba mbili nzima, huku tunaambiwa tutumie 207.2.

Ya nne ni sisi binadamu. Lithiamu asilia ina lithiamu-6 kama asilimia 7.6, na hiyo lithiamu-6 ilitakiwa kwenye mabomu ya haidrojeni, wakaitoa, mabaki yakaingia sokoni kama kemikali ya kawaida na kibandiko cha kawaida. Piga mwenyewe: kwa asilimia 7.59 ya lithiamu-6, 6.0151 × 0.0759 + 7.0160 × 0.9241 = 6.940. Ikipungua mpaka asilimia 3 inakuja 6.986. Ukipima gramu 10 za lithiamu ya hivo ukidhani ni 6.94 umekosea moli zako kwa karibu asilimia 0.7, na hakuna mahali ulipomwaga wala kupima vibaya. Urani nayo ndo hivo, inayouzwa mara nyingi ni ile iliyonyonywa urani-235. Japo kuna sehemu asili ilijifanyia yenyewe, Oklo kule Gabon, mwaka 1972 walikuta urani-235 imepungua kwenye mgodi, kumbe miamba yenyewe iliwahi kuwaka kama tanuri la nyuklia miaka kama bilioni mbili iliyopita.

Kusoma mabano

Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, mwishoni mwa 2010 lilitangaza kwamba elementi kumi zitaandikwa kwa masafa badala ya namba moja: haidrojeni, lithiamu, boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, silikoni, salfa, klorini na thaliamu. Baadae wakaongeza bromini na magnesi, wakaja agoni na risasi. Ukikuta mabano angalia kwanza namba ziko ngapi. Zikiwa mbili, hayo ni masafa, ina maana kitu cha kawaida cha duniani kinaweza kuangukia popote humo. Ikiwa moja peke yake, mfano [209] ya poloniamu, hiyo ni habari nyingine kabisa, ni isotopu inayodumu muda mrefu kuliko wenzake kwa elementi isiyokuwa na isotopu tulivu. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku.

Na usichukue katikati ya masafa. Lithiamu ni [6.938, 6.997], katikati ni 6.9675, lakini lithiamu nyingi ya asili iko 6.94, sio huko katikati. Masafa hayakwambii wapi wengi wamekaa. Ndo maana kuna namba nyingine wanaiweka pembeni kwa matumizi ya kawaida na biashara: klorini 35.45, lithiamu 6.94, kaboni 12.011, salfa 32.06, oksijeni 15.999, boroni 10.81.

Sasa utumie ipi

Mtihani wa NECTA: tumia iliyoandikwa kwenye pepa, mjadala umeisha.

Maabara: chukua upana wa masafa, gawanya kwa namba ya kawaida, zidisha kwa 100, alafu linganisha na kosa la vifaa vyako. Klorini upana ni 0.011, gawanya kwa 35.45, asilimia 0.03. Bureti ya shule ukikosea 0.05 kwenye mililita 25 tayari umekosea asilimia 0.2. Hapo kuhangaika na isotopu za klorini ni kujitesa bure, kanyooshe mkono wako kwenye bureti kwanza. Salfa asilimia 0.05, vilevile achana nayo. Lithiamu asilimia 0.85 na risasi asilimia 0.87, hao wanaipita bureti, kwaiyo kwao soma chupa vizuri, tafuta kama wameandika uzito wa atomu au asilimia za isotopu, na kama kazi ni ya kulipwa muulize aliyekuuzia cheti cha isotopu kabla hujatoa ripoti. Ukikosa cheti andika kwenye ripoti umetumia namba gani, mtu wa baadae aweze kurekebisha.

La kufanyia mazoezi: boroni-10 ni 10.0129 na boroni-11 ni 11.0093. Sampuli moja ina boroni-10 asilimia 19.9, nyingine asilimia 20.3. Ya kwanza itakupa 10.811 na ya pili 10.807, masafa ya IUPAC ni [10.806, 10.821], kwaiyo zote mbili zimo. Ukipata 10.5 umegawanya kwa mbili, rudi juu kwenye klorini.